Milingoti ya Dalmas

Du. Du. Du. Kimya kidogo, halafu du tena. Ni mpira wa ngozi, umenyonyoka mpaka umekuwa rangi ya mandazi, unapigwa ukutani na kudakwa, unapigwa na kudakwa, nyuma ya kisogo changu, na mimi nimekaa mbele ya taipureta nikingoja sentensi ya kwanza. Hivyo ndivyo Dalmas alivyofikiri. Wengine huvuta sigara, wengine hutazama dari, yeye alipiga mpira. Fundi cherehani wa chumba cha pili alikuwa akigonga ukuta kwa mkasi na kupaza sauti, "Wee Dalmas, nyumba itaanguka!" Na Dalmas hujibu, "Ikianguka nitaiandika!" Nimestaafu juzi tu, na bado nikisikia kitu kikidunda mahali, vidole vyangu vinajiweka tayari kuchapa.

Wenzangu vijana wa chumba cha habari, siku mliponiaga mlinikatia keki mkasema niwaandikie nilikotoka. Najua mnataka kusikia nilivyopanda ngazi. Ngazi ni ngazi, mtaipanda wenyewe. Mimi nitawaandikia habari za Dalmas, mwandishi wa gazeti letu Migori na Homa Bay miaka ya tisini, aliyenifundisha kazi na kunichosha kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumpenda kama ndugu. Alifariki miaka ileile. Hata kufa kwake kulituchosha.

Nilitoka Isebania, kwetu ni Wakuria, shule niliiachia kidato cha pili. Nilikuwa msichana wa kuchekacheka na ndoto nyingi kuliko nywele. Niliota siku moja nitasoma habari redioni, na kule jikoni kwa mama nilikuwa nikimsomea paka taarifa ya saa moja. Kwa hiyo niliposikia gazeti linatafuta mtu wa kuchapa na kupokea simu Migori, niliona mlango wa mbinguni. Nilijua ofisi ya gazeti ina meza pana na simu nyingi na watu wanaotembea haraka. Nikaikuta ni chumba kimoja na stoo, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Hakukuwa na mtu anayetembea haraka. Hata nafasi ya kutembea haikuwapo.

"Wewe ndiye Boke?" akaniuliza mwanamume mrefu aliyekuwa amepiga magoti akipangusa kiatu kimoja cha mpira.

"Ndiyo, mzee."

"Usiniite mzee, sijajenga hata nyumba. Niite Dalmas. Keti. Ah ah, siyo hapo! Hapo pana kibendera cha kona."

Nikahamia kiti kingine. Hicho nacho kilikuwa na glavu za golikipa. Nikaketi juu ya taarifa za polisi, ambazo hakuna aliyezionea huruma.

Wiki hiyo ya kwanza nilijifunza kabati. Lilikuwa kabati la chuma lenye droo nne, na kila droo imeandikwa vizuri. Nikafungua iliyoandikwa SIASA, nikakuta viatu. BIASHARA, soksi. MAHAKAMA ilikuwa na filimbi za marefa, zimelala kwenye pamba kama mayai.

"Sasa habari za siasa ziko wapi?" nikauliza.

"Kwa katoni ya sabuni, chini ya meza. Siasa haiharibiki."

Stoo ndiyo ilikuwa na jezi. Jezi hazikufuliwa kamwe. Ukizifua, alisema, umefua mechi yenyewe. Siku za jua kali harufu ya stoo ilitoka ikasalimia wageni kabla yangu, na mwenye duka la dawa za mifugo alidhani ni bidhaa zake zimemwagika.

Msifikiri zilikuwa jezi za watu wakubwa. Ningeelewa kama angekusanya vitu vya wachezaji wa taifa. Dalmas alikusanya vya timu za kwetu: wavuvi wa Karungu, wachukuzi wa Isebania, vijana wa kisiwa cha Remba wanaofanyia mazoezi mahali pembamba hivi kwamba ukipiga kona vibaya mpira unaliwa na ziwa. Tena alipenda walioshindwa. "Aliyeshinda ana kombe," alisema. "Aliyeshindwa ana nini?"

Kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Nyinyi mnatuma habari kwa simu ya mfukoni mkiwa mnakula. Sisi tulikuwa na simu moja ya mezani, unamwomba opereta akuunganishe Nairobi, unangoja, laini inakatika, unaomba tena. Ikishika, upande wa pili yuko mama mmoja mkali anayechapa unachomsomea. Hakuwajua Waluo wala Wakuria, kila jina ilibidi ulivunje herufi kwa herufi: "O ya Otieno, K ya Kenya..." Picha tulizifungia kwenye bahasha, filamu haijaoshwa, tukampa kondakta wa basi la Nairobi huku tukimwombea asafiri salama kuliko abiria. Dalmas alinifundisha kumrudishia mtu jina lake mdomoni, nimwambie, "Nimeandika hivi, ndivyo?" Alinifundisha kwamba ukienda kwa waliofiwa unaketi kwanza, unakunywa uji ukipewa, na kalamu inabaki mfukoni mpaka wao waanze. Nimewaona baadhi yenu mkiingia matangani na simu zimeinuliwa kama mnauza maji. Ketini kwanza.

Ilizama boti moja kati ya Remba na nchi kavu, kukiwa na upepo, na watu walikufa. Dalmas alikaa kule mpaka akapata kila jina, na jina la kila mzazi. Aliporudi nilikuwa tayari mezani. Akanisomea habari bila kupiga mpira hata mara moja. Tulipomaliza akatoa kwenye mfuko jezi ya kijani, shingo imechanika.

Nikasimama. "Dalmas. Watu wamekufa, na wewe umeomba jezi?"

"Sikuomba. Huyu alikuwa beki wao wa kushoto. Dada yake amenipa." Akaikunja polepole. "Boke, hii habari tuliyotuma, kesho kutwa itafungia omena sokoni. Hii jezi haifungii mtu kitu."

Nikaketi tena. Lakini jioni ile nilitaka kuanika koti langu stoo likauke na sikupata msumari hata mmoja ulio wazi, nikakasirika upya.

Sasa niwaeleze jambo la nyumba, kwa maana ndilo lililotukalia wote shingoni. Mimi si Mluo, niliambiwa na mdogo wake, Ochieng'. Kwao, mtoto wa kiume mkubwa ndiye hujenga kwanza na kutoka kwenye boma la baba aanzishe lake. Mdogo hawezi kumpita. Kaka akikawia, mdogo anakawia naye, hata awe na mke na watoto na nguvu za kujenga ghorofa. Ni mwiko, na hakuna mzazi anayetaka kuujaribu mwiko kwa watoto wake. Dalmas alikuwa wa kwanza. Hakuwa na mke, hakuwa na nyumba, hata kibanda cha ujana alichokuwa nacho kwao, juu kidogo ya Karungu, kilikuwa kimeshaanguka. Ochieng' alikuwa na mke na watoto wanaongezeka, wote wamebanana katika chumba kimoja bomani kwa baba yao marehemu, wanamngoja mwandishi wa habari.

Ochieng' alikuja Migori siku za soko na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, na hakukosa kupita ofisini.

"Sister Boke, kaka yupo?"

"Ameenda Isebania, kuna kesi ya magendo."

"Na mechi?"

"Na mechi."

Anaketi, anatazama kabati, anatazama mlango wa stoo. "Hebu niambie ukweli. Huyu mtu anajenga ama hajengi?"

"Amesema mvua ikiisha."

"Mvua gani? Mimi nimengoja mpaka mtoto wa kwanza sasa ananiuliza, baba, kwani baba mkubwa ni kilema?"

Tunacheka, lakini yeye anaacha kucheka mapema. Mke wake alikuwa ameshatishia kurudi kwao na watoto, hakuwa anatania. Alikuwa amechoka kupika jikoni kwa mama mkwe.

Dalmas akirudi namwambia. Namwambia kila mara. Naye, "Nitajenga, Boke. Msimu ukiisha." Nilikuja kugundua kwamba mpira hauna mwisho wa msimu, ukiisha wa ligi unaanza wa mashule.

Basi alasiri moja lori lilirudi nyuma mpaka kwenye ua wetu. Dereva akasema, "Mzigo wa Dalmas kutoka Homa Bay. Mwenyewe atakuja kesho." Tukatoka, mimi na Ochieng', ambaye siku hiyo alikuwepo. Ndani ya lori, miti. Mikaratusi mirefu, iliyonyooka, mikavu, isiyo na hata kidole cha mchwa.

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. "Kaka! Kumbe ulikuwa unanificha!" alimwambia mtu asiyekuwepo. Akapanda mwenyewe kusaidia kushusha, akawa anaipapasa miti mmoja mmoja. "Huu ni wa kona. Huu wa mlangoni. Hii mirefu miwili, dada, hii ndiyo itabeba paa." Hakungoja hata kuuza omena iliyobaki. Alimwachia fundi cherehani magunia, akakimbilia gari la kwenda Karungu akamwambie mama yao. Na mimi, mtu wa ndoto, nilibaki uani nikiiona nyumba imesimama, na mapazia nimeyachagua.

Kesho yake Min Dalmas alifika, maana huko mama huitwa kwa jina la mtoto, na yeye alikuwa mama wa Dalmas kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Amevaa gauni la kanisani, kuku mkononi, rafiki yake mmoja nyuma anapiga vigelegele barabara nzima. Wakaingia uani. Dalmas alikuwa ameshafika. Alikuwa na ndoo ya chokaa na brashi, anaipaka miti rangi nyeupe.

"Mama! Karibu. Umesikia wapi?"

"Nyathina, mwanangu, nimesikia unajenga."

Dalmas akaitazama miti. Akatutazama sisi. Nikamwona anaanza kuelewa, na nikatamani ardhi inimeze mimi kwa niaba yake.

"Mama," akasema, "hii ni milingoti ya goli. Kuna kiwanja cha zamani Homa Bay, wamekichukua wajenge maduka. Walitaka kuichoma kuni! Hii hapa, angalia, hapa ndipo golikipa wa Karungu aligonga kichwa akiokoa penalti. Alama bado iko."

Vigelegele vilikufa. Mama yule akaketi chini palepale kwenye udongo, na gauni lake la kanisani, kuku bado mkononi.

"Dalmas," akasema taratibu, "kwani wewe utalala golini?"

Fundi cherehani, aliyekuwa ametoka na futi shingoni kuona sherehe, akarudi ndani akafunga mlango wake.

Mama alipoondoka, nilimwambia Dalmas mambo ambayo karani hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia nduguye anabanana na watoto kama dagaa kwa sababu ya viatu visivyo na wenyewe. Nilimwambia nimechoka kusema uongo wa mvua. "Jenga hata chumba kimoja! Matope na mabati! Siku mbili tu!"

Hakukasirika. Hapo ndipo nilipochoka kabisa, kwa sababu mtu asiyekasirika utamfanya nini? Aliweka brashi chini akasema, "Chumba kimoja nitaweka nini, Boke? Mimi nataka nyumba ndefu. Upande huu nilale. Upande huu jezi zote zitundikwe, na filimbi, na milingoti imesimama mlangoni. Watoto wa shule waje waone baba zao walicheza. Nikijenga ndogo, ndiyo hiyo, nitakufa nayo. Wacha nipate ya kutosha."

Kwa hiyo miaka yote ile hakuwa mvivu. Alikuwa anakataa nyumba ndogo kwa ajili ya nyumba iliyo kichwani. Na mimi niliyemsomea paka taarifa ya habari nilimwelewa moja kwa moja, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Ndoto ya mtu mmoja ilikuwa imelala katikati ya njia, na nyuma yake pana mke na watoto wanaoomba kupita.

Milingoti ikabaki uani. Tukawa tunaanikia nguo juu yake.

Halafu akaugua. Alikuwa ametoka Remba na homa, akameza dawa za dukani, akaenda na homa hiyohiyo Homa Bay kuandika habari ya mkutano wa wavuvi. Nilimwambia aende hospitali, akasema baada ya mkutano. Alituma habari kwa simu mwenyewe, majina yote herufi kwa herufi. Alipopelekwa wodini malaria ilikuwa imepanda kichwani. Ochieng' ndiye aliyekuja kuniambia. Alisimama mlangoni pa ofisi, hakuuliza kama kaka yupo.

Nililia, ndiyo. Lakini Ochieng' hakuwa amekuja tu kulia.

"Wazee wamekaa," akasema. "Hawezi kuletwa nyumbani. Hana nyumba. Lazima nyumba isimame kwanza, ndiyo mwili ulale ndani usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Bila hivyo hakuna mazishi, na mimi sitatoka pale bomani maisha yangu yote. Na sasa ni mvua, dada, kila mti unaokatwa ni mbichi. Wazee wanakataa mbichi kwa nyumba ya marehemu." Akawa anatazama nyuma yangu, kupitia dirisha, uani.

Nilienda nikaanua nguo.

Habari ilikuwa imeshafika kwenye timu. Wachezaji wa Isebania walikuja na lori, wakapakia milingoti na kila kilichokuwa stoo, kwa maana nani angebaki navyo? Njiani wakajiunga wa Karungu. Tulipofika, mzee mmoja wa ukoo, mwenye fimbo na kofia ya manyoya, aliizunguka miti ile myeupe akiishuku.

"Hii imewahi kubeba nyumba ya mtu?"

"La, baba," Ochieng' akajibu. "Imebeba nyavu tu."

"Na waliopigia hapa, wengi walifunga?"

"Karungu? Hawakufunga hata mlango," akadakia kijana mmoja wa Isebania, na wale wa Karungu wakamtupia udongo. Mzee akacheka mpaka akashika fimbo vizuri. Akaonyesha mahali pa kuchimba.

Nyumba zenu mnazojengewa na makontrakta, sidhani mtaziona zikisimama vile. Walichimba kwa kubishana. "Omera, ndugu yangu, shimo lako limeotea!" "Ongeza kina, huyo alikuwa mrefu!" Milingoti minne ikawa kona nne. Miamba miwili ikapanda juu, mmoja kila upande, ikashika paa. Fito zikatoka kwa majirani, mabati ya zamani yakatoka kwa shule ya kanisa. Wanawake tukakandika udongo. Min Dalmas hakukandika. Alikaa chini ya upenu wa nyumba ya jirani, akiitazama ile miti myeupe ikipotea matopeni polepole, na mara moja nilimsikia akisema, "Hata mimi ningekata huo mti kama angesema."

Mvua ikatupata kabla ukuta wa nyuma haujaisha. Wazee wakasema inatosha, nyumba ina paa na mlango, mwili uko njiani. Dalmas akaletwa, akalala ndani ya chumba kimoja alichokikataa, akazikwa. Wachezaji waliziendea jezi zao kwenye magunia, kila mtu akatafuta ya kwake au ya baba yake, wakazivaa pale kaburini zikiwa na harufu yake yote, zingine zimewabana matumboni. Nilikuwa nimesimama kando ya gunia nikidhani nitawazuia. Beki mmoja mzee aliniuliza, "Naweza?" Nikampa. Walirudi nazo kwao. Hakuna stoo iliyobaki.

Baada ya mazishi nilimpongeza Ochieng', nikidhani nasema jambo zuri, kwamba sasa njia iko wazi.

"Iko wazi," akasema. "Nimefunguliwa na kifo, dada. Nilitaka anifungulie yeye."

Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejenga ng'ambo ya kijito, na mke wake anapika katika jiko lake mwenyewe.

Nilikwenda Karungu msimu huohuo wa mvua, nimetumwa bei ya omena, na mara hiyo nilitumwa peke yangu. Nilipomaliza nikapitia kwa kina Dalmas. Hakukuwa na mtu. Min Dalmas alikuwa kanisani, wengine shambani. Nyumba ilisimama kimya, na nyuma yake ule ukuta ulikuwa bado wazi, fito tupu kutoka kiunoni mpaka juu, mvua ilikuwa inapiga moja kwa moja mpaka katikati ya sakafu. Mtu angesema haina haja. Hakuna anayelala humo, na kwa desturi yao nyumba ya namna ile huachwa mpaka ianguke yenyewe.

Nilivua viatu. Nikachimba udongo pembeni ya kijito kwa kigae cha chungu, nikaupondaponda kwa miguu na nyasi kavu nilizozipata chini ya paa, nikaubeba kwa mikono, fungu baada ya fungu, nikaziba. Nilianza chini nikaenda juu. Mahali nisipofika nilisimama juu ya jiwe. Nikaulainisha ukuta kwa kiganja mpaka ukawa sawa na kuta zingine tatu, nikaosha mikono kijitoni, nikavaa viatu, nikaondoka kabla hawajarudi.